Kichwa cha Maksai na Maji ya Bahari Mbili

Juma hili, msikilizaji, nakuomba tuanzie juu ya paa la nyumba yako. Nyumba ya bati ina mgongo, pale mabati ya upande huu yanapokutana na ya upande ule. Mvua ikinyesha, matone mawili yaliyotoka katika wingu moja na kuanguka yakiwa yameachana upana wa kidole yanaweza kutengana moja kwa moja. Moja litaishia kwenye pipa lako uani, na jingine litadondokea kwa jirani, ambaye labda hamsemezani tangu sikukuu ya mwaka juzi. Mgongo wa paa haukupendelei wewe wala yeye. Unagawa tu.

Nchi kavu nayo ina migongo ya namna hiyo. Wataalamu wa jiografia huchora kwenye ramani mistari inayoonyesha mvua ya huku inakwenda mto gani na ya kule inakwenda mto gani. Ukienda mahali penyewe mstari hauuoni. Utaona miti, mawe, pengine njia ya mbuzi. Leo nataka nikupeleke kwenye mgongo mmoja ulioko Ujerumani, katika mkoa wa Franken ya Juu, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Bavaria, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Cheki. Ni mlima wa mita 1,024 uitwao Ochsenkopf, maana yake Kichwa cha Maksai, na kileleni kuna mwamba uliochongwa kichwa cha ng'ombe.

Kwetu sisi tuliosoma Kilimanjaro na Ruwenzori shuleni, mita 1,024 ni kilima. Hata katika safu yake yenyewe, iitwayo Fichtelgebirge, Ochsenkopf ni wa pili. Wa kwanza ni jirani yake Schneeberg, yaani Mlima wa Theluji, wenye mita 1,051. Safu yote ni ya mawe ya matale yaliyoiva chini ya ardhi karibu miaka milioni 300 iliyopita, kisha mvua na baridi vikayavua udongo mpaka yakabaki juu yamepangana kama magunia ghalani. Juu ya mawe hayo umeota msitu mzito wa miti jamii ya msonobari, ile ambayo Wajerumani huiita Fichte. Ni mirefu, imesongamana, na chini yake kuna giza hata saa sita mchana.

Nilipata bahati ya kufika huko nilipokuwa Ujerumani kwa mafunzo ya utangazaji. Ilikuwa siku ya ukungu, na nilikuwa nimevaa viatu vya mjini, kosa ambalo sitalirudia. Upande wa mashariki wa mlima, kwenye kimo cha mita 887, iko chemchemi ya mto Main Mweupe. Imejengewa kwa mawe ya matale, na juu yake imechongwa ngao ya ukoo wa watawala wa Hohenzollern, pamoja na mwaka 1717. Nilitarajia mto. Nilichokiona ni maji membamba yanayotoka kwenye jiwe lililoota kuvu, kiasi ambacho mama ntilie angesubiri sana kujaza ndoo yake ya kuoshea sahani.

Maji hayo membamba yana safari ndefu. Yanateremka kupita Bischofsgrün na Bad Berneck, karibu na Kulmbach yanakutana na ndugu yake, Main Mwekundu, na kutoka hapo unakuwa mto Main wenyewe, unaopita Würzburg na Frankfurt mpaka kwenye mto Rhine karibu na Mainz. Rhine nayo inayabeba mpaka Uholanzi na kuyamwaga Bahari ya Kaskazini. Kwa jumla ni kilomita elfu moja na ushee.

Sasa rudi mlimani. Mwendo mfupi wa miguu kutoka chemchemi ile, katika msitu ule ule, kinaanza kijito kingine kiitwacho Fichtelnaab. Hiki kinaelekea kusini. Kinaingia mto Naab, na Naab inaingia Danube karibu na mji wa Regensburg. Danube inapita katika miji mikuu minne, Vienna, Bratislava, Budapest na Belgrade, halafu inamwaga maji yake Bahari Nyeusi, kwenye mpaka wa Romania na Ukraini. Kutoka mlimani mpaka huko ni zaidi ya kilomita 2,400. Wingu lilikuwa moja na msitu mmoja, lakini tone hili litakutana na meli za Rotterdam na lile litakutana na samaki wa Danube, wale wanaotoa mayai ya kaviari.

Watu wa Fichtelgebirge wana fahari ya kusema kwamba kwao inatoka mito minne inayokwenda pande nne za dunia, na wapo wahubiri wa zamani walioifananisha na mito minne ya bustani ya Edeni. Fahari hiyo ina msingi. Mbali na Main unaokwenda magharibi na Naab unaokwenda kusini, kuna Saale, unaochimbuka kwenye mlima Waldstein na kwenda kaskazini kupita Hof, Jena na Halle. Kuna pia Eger, unaochimbuka ubavuni mwa Schneeberg na kwenda mashariki, ukavuka mpaka na kuingia nchi ya Wacheki, ambako unaitwa Ohře. Hiyo ndiyo minne, kila mmoja na upande wake.

Lakini fuatilia mwisho wa safari zao uone. Saale unaingia mto Elbe. Eger nao, pamoja na kuzunguka kote mashariki, unaingia Elbe huko huko Bohemia, na Elbe inakwenda Hamburg, kisha Bahari ya Kaskazini. Main, kama tulivyoona, ni Bahari ya Kaskazini kupitia Rhine. Kwa hiyo mito mitatu kati ya minne ni ya bahari moja. Ni Naab peke yake unaokwenda Bahari Nyeusi. Mgongo mkubwa, ule unaogawa maji ya bara zima la Ulaya, unapita hapo kati ya Main na Naab, juu ya Kichwa cha Maksai, na mingine ni migongo midogo ya ndani ya nyumba.

Habari hii haitakuwa ngeni kwa msikilizaji wetu wa Rwanda. Msitu wa Nyungwe umekaa juu ya mgongo wa aina hiyo: mvua ya magharibi yake inakwenda Kongo na Bahari ya Atlantiki, na ya mashariki inakwenda Nile na Bahari ya Mediterania. Na aliyeingia msitu ule mwaka 1898, akakifuata kijito cha Rukarara na kukitangaza kuwa ndicho chanzo cha Nile, alikuwa Mjerumani, Richard Kandt. Mambo ya kutafuta maji yanakoanzia yamo katika damu ya watu hawa.

Kabla sijayafuata maji, niruhusu neno moja kuhusu kazi yangu. Kwa kuwa Ochsenkopf umeinuka peke yake, mwaka 1958 shirika la utangazaji la Bavaria lilijenga mtambo wa televisheni kileleni. Maji hushuka kila moja upande wake, lakini mawimbi ya mtambo yalikwenda pande zote, na upande wa kaskazini, si mbali, ulikuwa mpaka wa Ujerumani Mashariki ya kikomunisti. Watu wa kusini mwa nchi ile wakaweka antena juu ya mapaa yao zikielekea mlimani, na antena hizo wakaziita kwa jina la mlima. Ukuta wa Berlin ulipojengwa Agosti 1961, mwezi uliofuata umoja wa vijana wa chama uliwapeleka vijana wake kupanda juu ya nyumba za watu kuzigeuza antena hizo au kuzing'oa. Sisi tuliokulia kwenye nyumba ambazo mtoto mmoja lazima awe juu ya bati akizungusha antena huku wengine wakipiga kelele sebuleni, tunaweza kufikiri hasira za wenye nyumba. Baadaye antena zilirudi. Na jirani yake, Schneeberg? Huko juu wanajeshi wa Kimarekani na wa Ujerumani Magharibi walijenga mnara wa kunasa mawasiliano ya upande wa pili, na kilele kikafungwa kwa raia miaka mingi. Mlima mmoja ulisema, wa pili ukasikiliza.

Turudi kwenye maji. Binadamu hapendi kugawiwa kitu na mlima. Mstari unaoanzia kwetu Ochsenkopf unakwenda kusini-magharibi, ukipita juu ya vilima vya chokaa vya Franken, na kadiri unavyokwenda unapungua urefu. Kuna mahali, karibu na mji mdogo wa Treuchtlingen, ambapo mto Altmühl, wa upande wa Danube, na kijito cha Rezat, cha upande wa Main, vimekaribiana kiasi cha kilomita mbili tu, na katikati hakuna mlima bali mwinuko mdogo wa tope. Mwaka 793 Mfalme Karolo Mkuu, yule ambaye Wafaransa humwita Charlemagne, alihamia pale na baraza lake, akaamuru uchimbwe mfereji wa kuunganisha mito hiyo ili mashua zipite kutoka Rhine mpaka Danube. Waandishi wa zama zile wanasimulia kwamba mvua haikukatika, ardhi ilikuwa kinamasi, na udongo uliochimbwa mchana ulirudi shimoni usiku. Kazi ikaachwa. Tuta la udongo wake lipo mpaka leo, pamoja na kipande cha maji kinachoogelewa na bata, na kijiji cha hapo kinaitwa Graben, maana yake Handaki.

Miaka zaidi ya 1,000 ikapita. Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria akachimba mfereji wake, ukafunguliwa wote mwaka 1846, ukiwa na malango 100 ya kupandishia na kushushia mashua. Bahati mbaya reli ilikuwa imekwisha ingia nchini, na treni haingoji lango lijae maji. Mfereji ukadorora, ukafungwa mwaka 1950.

Wa tatu ndio uliofaulu. Mwaka 1992, mwezi Septemba, baada ya ujenzi wa miaka zaidi ya 30 na ubishi mkubwa wa watetezi wa mazingira, ulifunguliwa mfereji wa kilomita 171 kutoka Bamberg kwenye upande wa Main mpaka Kelheim kwenye Danube. Meli inaupanda mgongo kama mtu anayepanda ngazi. Inaingia katika chumba kikubwa cha saruji, lango linafungwa nyuma yake, maji yanajazwa, meli inainuka, lango la mbele linafunguliwa, inasonga kwenye chumba kinachofuata. Vyumba hivyo ni 16. Juu kabisa, karibu na Hilpoltstein, meli ya mizigo iko mita 406 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mahali pengine Ulaya ambapo meli iliyotoka baharini inaelea juu kiasi hicho kwa njia ya maji iliyoungana na njia nyingine zote.

Wengi wanaishia hapo, kwenye meli. Mimi naona kwamba jambo kubwa zaidi la mfereji huo limo kwenye pampu zake. Upande wa kusini wa mgongo, nchi ya Danube, unapata maji ya milima ya Alpi na mvua za kutosha. Upande wa kaskazini, bonde la Main, ni mkavu. Mlima Ochsenkopf wenyewe hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua na theluji kwa mwaka, lakini ukishuka bonde la Main utakuta sehemu zinazopata nusu ya hizo kwa makisio, na huko ndiko kuliko na miji, viwanda na mashamba ya zabibu. Mto Regnitz, unaopokea maji machafu ya Nürnberg na miji yake jirani, wakati wa kiangazi ulikuwa na maji machache mno ya kuyazimua.

Mwaka 1970 bunge la Bavaria lilikata shauri: maji ya Danube yapandishwe mgongo na kupelekwa kaskazini. Tangu miaka ya 1990 kazi hiyo inafanyika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mfereji wenyewe, ambao pampu zake huyainua maji kutoka Kelheim kiasi cha mita 68 na kuyahifadhi katika bwawa la Rothsee. Ya pili ni kuchukua mafuriko ya Altmühl na kuyaweka katika bwawa la Brombach. Kwa mwaka wa kawaida yanavuka kiasi cha mita za ujazo milioni 150. Danube ikipungua kupita kiwango kilichowekwa, pampu husimama, na watu wa kaskazini huishi kwa akiba ya mabwawa.

Ni kazi ya kusifiwa, na siku hizi watalii hufurika kwenye mabwawa hayo na matanga yao. Ila bonde la Brombach lilikuwa na vinu vya kusaga nafaka ambavyo familia zilirithishana tangu enzi za mababu. Vilibomolewa, na vingine viko chini ya maji yale yale yanayoogelewa na watalii. Waliolipwa fidia walilipwa fedha. Anayejua bei ya sauti ya gurudumu la kinu cha babu yake aniambie.

Kuna na wageni wengine walioutumia mfereji bila kulipa ushuru. Mgongo ule ulikuwa ukuta si kwa meli tu. Samaki na wadudu wa Danube waliishi kwao, na wa Rhine kwao, kwa maelfu ya miaka. Ukuta ulipotobolewa mwaka 1992, haikupita miaka mingi wataalamu wakaanza kuwakuta katika Rhine viumbe wa Bahari Nyeusi. Mmoja ni kijidudu jamii ya uduvi, mdogo kwa umbo, lakini mlafi ajabu, anayewaua wadudu wenyeji hata asipowala. Wengine ni samaki wa chini ya mawe waitwao goby, ambao leo wavuvi wa Main na Rhine huwavuta kwenye ndoano zao mpaka wakachoka. Waliokuja wamekuja. Hakuna namna ya kuwarudisha.

Na mlima wetu wenyewe? Usidhani umekaa salama kwa kuwa umekaa juu. Miaka ya 1970 na 1980, misonobari ya Fichtelgebirge ilianza kupukutika majani, ikageuka manjano, na juu milimani mingine ikafa imesimama. Wajerumani walilipatia jambo hilo jina, kifo cha misitu. Wanasayansi wa chuo kikuu cha Bayreuth, ambacho kiko mlango wa pili tu kutoka mlimani, walifanya uchunguzi mrefu. Moshi wa salfa kutoka vituo vya umeme vinavyochoma makaa ya mawe, vya Chekoslovakia na Ujerumani Mashariki na hata vya Ujerumani Magharibi yenyewe, ulichanganyika na ukungu na mvua ukawa tindikali. Mlima unaokinga mawingu ukakinga na sumu yake. Tindikali ikaosha udongo, ambao juu ya matale tangu zamani ni hafifu, ikaondoa magnesiamu inayoupa jani rangi ya kijani, na mti ukakosa chakula huku umesimama kwenye maji.

Hapa ndipo habari ya mgongo inapogeuka. Maji yanagawanywa na mlima, lakini moshi haujui mgongo wala mpaka. Na tindikali ikishaingia udongoni inafuata maji: inatoka kwenye chemchemi, inakwenda Main na inakwenda Naab bila kubagua. Vijito vya juu vilifika mahali samaki hawakai. Helikopta zilitumwa kumwaga unga wa chokaa juu ya misitu, kama mtu anayekunywa dawa ya kiungulia. Baada ya 1990 viwanda vichafu vya mashariki vilifungwa au kuwekewa machujio, moshi wa salfa ukapungua sana, na miti mingi ikapata nafuu. Udongo ndio unaochelewa. Salfa iliyohifadhiwa ardhini kwa miongo kadhaa inatoka kidogo kidogo kwenye chemchemi, na mtu anayechota leo anachota pia sehemu ya moshi wa wakati wa babu yake.

Halafu likaja joto. Kuanzia mwaka 2018 ilifuatana miaka ya ukame, na msonobari wenye kiu hauwezi kumzuia mbawakawa anayetoboa magome. Katika safu jirani ya Frankenwald maelfu ya hekta za msitu zimekauka na kukatwa, vilima vikabaki vipara. Fichtelgebirge, kwa kuwa ni wa juu zaidi na wenye baridi zaidi, haukupigwa kiasi hicho, lakini mabwana misitu hawangoji. Msitu wa aina moja ya mti ulipandwa na watu wa karne zilizopita kwa kuwa ulikua haraka na mbao zake ziliuzika, kuanzia kwenye migodi na tanuri za chuma zilizokuwa humo mabondeni. Sasa chini ya misonobari mizee hupandwa miti ya majani mapana na aina nyingine zenye mizizi mirefu, ambayo inaacha mvua nyingi zaidi ifike ardhini wakati wa baridi, majani yakiwa yamepukutika, na kwa hiyo chemchemi inapata zaidi.

Miche hiyo nimeiona. Ilikuwa inafika kiunoni, imezungushiwa uzio wa waya ili swala wa huko wasiitafune, na ilikuwa imepandwa pande zote mbili za njia. Nilimuuliza mwenyeji wangu mstari wenyewe wa mgongo uko wapi hasa. Akatazama huku na huku kwenye ukungu, akaniambia tumeshaupita.